Vyeti na Mtihani wa Tume: Yanayoaminiwa Kimakosa na Waombaji wa Kazi za Serikali

Kila linapotoka tangazo la kazi za serikali, duka langu la kuchapa na kutoa nakala hapa Busia, upande wa Uganda, hujaa vijana walioshika bahasha za kaki. Nimewasaidia kujaza fomu kwa miaka mingi, na jambo linaloniumiza ni kwamba wengi wao hawaangushwi na mtihani, bali wanaangushwa kabla ya kuuona, kwa sababu ya jambo walilolisikia kwa jirani wakaliamini bila kulisoma popote.

Lililo kubwa kuliko yote ni imani kwamba ukiufanya vizuri mtihani wa Tume, upungufu wa vyeti utasamehewa. Sivyo. Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo imewekwa na Ibara ya 165 ya Katiba ya mwaka 1995, huanza kwa kuchuja maombi, ikilinganisha karatasi za mwombaji na sifa zilizotajwa katika tangazo. Waliovuka mchujo huo ndio wanaoitwa kwenye mtihani wa kuandika pale unapotumika, kisha waliofaulu huitwa kwenye usaili wa ana kwa ana. Kwa hiyo nafasi inayodai shahada haiwezi kumfikia mwenye stashahada kwa njia ya alama za mtihani, hata kama angempita kila mtu chumbani, kwa kuwa jina lake halitafika katika chumba hicho.

Watu husema pia “Tume” kana kwamba ni moja. Walimu wa sekondari za serikali huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Elimu, ilhali walimu wa msingi hupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya. Wahudumu wa afya wa hospitali kuu wanayo Tume ya Utumishi wa Afya. Ombi lililopelekwa kwenye mlango usio wake halihamishwi na mtu kwa hisani.

Sisi wa mpakani tuna kosa letu wenyewe, na nataka kulieleza kwa kirefu. Mwaka mmoja alikuja binti, Mganda kwa kuzaliwa, aliyesoma upande wa pili wa mpaka kwa kuwa shangazi yake aliishi huko. Alikuwa na cheti cha KCSE, kile cha kumaliza sekondari Kenya, chenye daraja zuri, na tangazo alilolishika lilitaka mtu aliyemaliza kidato cha sita mwenye UACE, cheti cha Uganda cha ngazi hiyo. “Mzee, mimi nimefika mwisho wa sekondari,” aliniambia, “hakuna darasa juu ya hilo huko Kenya.” Alisema kweli kuhusu Kenya, kwani mfumo wa 8-4-4 uliondoa vidato vya tano na sita. Lakini mwanafunzi wa KCSE amesoma miaka 12, nane ya msingi na minne ya sekondari, wakati mwanafunzi wetu wa UACE amesoma miaka 13, yaani saba, minne na miwili. Hapa Uganda KCSE imekuwa ikihesabiwa sawa na UCE, cheti chetu cha kidato cha nne, wala si sawa na UACE. Binti yule alikuwa na sifa kamili za nafasi nyingine, iliyokuwa katika ukurasa uleule wa tangazo na iliyodai UCE tu, lakini hakuwa ameisoma kwa sababu aliamini iko chini yake.

Mwenye cheti cha nje asijikadirie mwenyewe. Vyeti vya ngazi ya sekondari hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, na vile vya vyuo hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lililoundwa na sheria ya mwaka 2001. Barua ya ulinganisho huchukua muda, ilhali tangazo lina tarehe ya mwisho. Anayeanza kuifuatilia siku aliyoliona tangazo amechelewa.

Dhana ya pili iliyoenea ni kwamba shahada ni shahada. Tangazo likisema shahada ya uhasibu, shahada ya maendeleo ya jamii haiingii, na shahada ya uzamili haizibi pengo hilo isipokuwa tangazo lenyewe liruhusu. Matangazo mengi huongeza neno ambalo macho huliruka: shahada ya heshima, yaani “honours”. Maana yake ni daraja la kwanza au la pili, na aliyehitimu kwa daraja la kufaulu tu hahesabiwi humo. Katika taaluma kadhaa hata shahada iliyo sahihi haitoshi peke yake. Daktari, muuguzi na mhandisi huulizwa pia usajili wao katika baraza au bodi ya taaluma yao.

Mwaka 2023 palizuka hofu iliposikika kwamba programu nyingi za vyuo vikuu vyetu zimepitiwa na muda wa ithibati, yaani kibali cha NCHE cha kufundishwa. Kijana mmoja alikataa kabisa kuomba kazi, akisema shahada yake “imeisha muda”. NCHE ilieleza wakati ule kwamba programu hizo zilikuwa zinasubiri kukaguliwa upya na kwamba waliohitimu shahada zao ni halali. Jambo tofauti kabisa ni programu ambayo haikupata ithibati tangu mwanzo, na hiyo ndiyo ya kuogopa.

Wapo pia wanaojinyima nafasi kwa sababu waliingia chuo kikuu kwa njia ya watu wazima, ile inayowafungulia mlango wenye umri wa miaka 25 na zaidi kwa mtihani maalumu. Wanadhani shahada yao ni ya daraja la chini. Njia hiyo inatambuliwa na sheria, na shahada inayopatikana ni ileile.

Majina ndiyo yanayonichosha zaidi. Kitambulisho kinasema hivi, cheti cha UCE kimepunguza herufi, transkripti imegeuza mpangilio, na mwenyewe anasema “wataelewa”. Mpangilio wa majina yaleyale huweza kuelezwa kwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo, lakini jina jipya kabisa, likiwamo lile la mume, linahitaji kufuata utaratibu wa Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015, pamoja na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Fanya hivyo kabla ya msimu wa matangazo. Vilevile waliofanya UCE ya mtaala mpya kuanzia mwaka 2024 wana herufi A hadi E. Waziandike kama zilivyo, wala wasijitungie D1 na C3 za zamani ili fomu ipendeze.

Kuhusu kulipa: kuomba kazi kupitia Tume ni bure. Anayekuomba “pesa ya fomu” au “ya kuingiza jina kwenye orodha” anakuibia. Na aliye tayari kazini serikalini asidhani anaruhusiwa kuruka ofisi yake. Ombi lake hupitia kwa mkuu wake.

Mwisho ni wale waliopoteza vyeti katika moto au wizi, wakaambiwa kwamba safari yao imekwisha. UNEB haichapishi cheti kipya badala ya kilichopotea, hilo ni kweli. Inachotoa ni taarifa ya matokeo iliyothibitishwa. Baba mmoja wa makamo, ambaye nyumba yake iliungua, alikaa miaka minne bila kuomba chochote kwa kuamini kwamba matokeo yake yaliungua pamoja na karatasi. Nilimwandikia barua ya kuomba taarifa hiyo siku ileile, tukaambatanisha ripoti ya polisi, naye akaondoka ameishika barua hiyo kwa mikono miwili.