Vipimo safi, mwili hoi: kisa cha Sven Hannawald

Kati ya mwisho wa Desemba 2001 na tarehe 6 Januari 2002, Mjerumani Sven Hannawald alishinda Oberstdorf, Garmisch-Partenkirchen, Innsbruck na Bischofshofen, yaani vituo vyote vya Mashindano ya Vilima Vinne, ambayo ndiyo mashindano yenye heshima kubwa katika mchezo wa kuruka kwa skii, yaani vibao virefu vyembamba vinavyofungwa miguuni. Yalikuwa yakifanyika kwa mara ya 50, na hakuna aliyewahi kufagia vituo vyote. Sisi wa kitengo cha tiba ya michezo tunavutiwa zaidi na kilichofuata. Miaka miwili na ushee baadaye bingwa huyo alikuwa amelazwa kliniki, na mwaka 2005 akastaafu, umri wake miaka 30 tu.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu: mrukaji huanza juu kabisa ya mnara, akajiachia na kuteremka amechuchumaa katika njia ya barafu mpaka mwendo unakaribia kilomita 90 kwa saa. Akifika ukingoni hujinyoosha kwa nguvu zote za miguu, na ana chini ya nusu sekunde ya kufanya hivyo. Akiwahi au akichelewa kidogo, basi tena. Kisha hulala juu ya hewa, kifua kimeinamia mbele, skii zimepanuka kama herufi V. Umbali una alama zake, na waamuzi watano hutoa alama za mtindo zisizozidi 20 kila mmoja; ya juu kabisa na ya chini kabisa hufutwa.

Hannawald alizaliwa tarehe 9 Novemba 1974 huko Erlabrunn, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, nchi iliyowakusanya watoto wenye vipaji na kuwalea katika shule maalumu za michezo. Yeye alipelekwa Klingenthal. Baada ya ukuta wa Berlin kuanguka alihamia magharibi na hatimaye akawa mrukaji wa klabu ya Hinterzarten, katika Msitu Mweusi. Medali zilianza kuja taratibu: fedha ya timu katika Olimpiki ya Nagano 1998, ubingwa wa dunia wa kuruka masafa marefu (aina ya mchezo huu inayofanyika kwenye vilima vikubwa kuliko vyote) mwaka 2000 kule Vikersund, Norwei, na tena 2002 kule Harrachov, Jamhuri ya Cheki.

Mwezi mmoja baada ya vilima vinne ilikuja Olimpiki ya Salt Lake City. Alipata fedha nyuma ya Simon Ammann wa Uswisi, kisha dhahabu ya timu pamoja na Stephan Hocke, Michael Uhrmann na Martin Schmitt. Ujerumani ilipata alama 974.1, Finland 974.0. Hebu tazama udogo wa tofauti hiyo: kwenye kilima kikubwa mita moja ina thamani ya alama 1.8, na umbali hupimwa kwa nusu mita. Watu wanne wameruka mara mbili kila mmoja, na pengo lao halifiki hata kipimo kidogo kabisa cha umbali. Anayeishi katika mchezo wa namna hiyo hujifunza kutopuuza chochote, kuanzia mshono wa suti hadi gramu za chakula.

Hapo ndipo uzito unapoingia. Skii hufanya kazi ya mabawa, na mwili mwepesi huchelewa kuvutwa chini. Hannawald alikuwa mrefu na mwembamba mno, hata vyombo vya habari vikawa vinauliza waziwazi kama anakula. Yeye alikanusha kwamba ana ugonjwa wa kujinyima chakula. Mimi sioni haja ya kumpa mtu ugonjwa kwa kutazama picha zake. Ila mchezo wenyewe ulikubali kwamba kuna tatizo: kuanzia msimu wa 2004/05 urefu wa skii ulifungamanishwa na uwiano wa uzito na kimo, hivyo anayepungua kupita kiwango hukatiwa urefu wa skii zake. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo, yaani hali ya kula kidogo kuliko mwili unavyotumia. Hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, maradhi madogo hayaishi. Mabondia wetu wanaokata uzito na wakimbiaji wa masafa marefu hawako mbali na hatari hii.

Msimu wa 2003/04 Hannawald alianza kushuka. Mwenyewe amesimulia hadharani mara nyingi: alikuwa amechoka muda wote na papo hapo hatulii, hata likizo haikumpumzisha. Alizunguka kwa madaktari, na majibu yakawa yaleyale, kwamba mwili hauna kasoro. Mtu akiambiwa hivyo huku yeye anajiona amekwisha, hufanya kile anachokijua, yaani kuongeza mazoezi. Alipokuja kuambiwa kwamba ni uchovu uliopita kiasi wa mwili na akili, alikubali kulazwa Bad Saarow, karibu na Berlin, majira ya kuchipua ya 2004. Hakurudi tena mashindanoni.

Shirika la Afya Duniani huuelezea uchovu huu kama hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa: nguvu huisha, kazi uliyoipenda inakuchukiza au unaiona ya mbali, na ufanisi unashuka. Shirika hilo haliuhesabu kama ugonjwa unaojitegemea, jambo ambalo baadhi ya watu hulitumia kuudharau. Wanakosea. Ukiachwa, unaweza kuandamana na sonona, ambayo ni ugonjwa kamili na una tiba.

Rekodi ya vilima vinne imefikiwa na Kamil Stoch wa Poland mwaka 2018, na Ryōyū Kobayashi wa Japani mwaka uliofuata. Hannawald alikwishajijengea maisha mengine, kwanza katika mbio za magari, baadaye kama mchambuzi wa mchezo wake kwenye televisheni.

Kocha au mzazi anayemwona kijana analala lakini anaamka hoi, anakwepa mazoezi aliyoyapenda, au anajituma zaidi huku matokeo yakishuka, ampeleke hospitali bila kusubiri msimu uishe. Daktari aelezwe habari za usingizi, chakula na mawazo, pamoja na maumivu. Vipimo vya damu vikirudi safi, ombeni rufaa ya kumwona mtaalamu wa afya ya akili.