Umesasisha QEMU, mbona prosesa pepe bado zinakwama kwenye 288?

Wasimamizi wa seva huniuliza hili mara kwa mara: QEMU 9.0, programu ya kuendesha mashine pepe, inabeba prosesa pepe 4,096, nimeshaisakinisha, sasa mbona mashine yangu inagoma nikivuka 288?

Fungua usanidi wake kwa `virsh edit`, amri ya Libvirt (programu ya kusimamia mashine pepe), utazame palipoandikwa `machine=`. Ukikuta `pc-q35-7.2`, kikomo kiko hapo. Libvirt huandika toleo la ubao mama siku mashine inapoundwa, na hailigusi tena hata usasishe programu mara ngapi. Ni makusudi, maana mgeni, yaani mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe, hasa Windows, hapendi kuamka akakuta maunzi yamebadilika. Q35, ubao mama pepe wa QEMU, hadi toleo la 8.0 huishia 288, 8.1 na 8.2 hufika 1,024. 4,096 zimeanza na 9.0. I440fx, ubao mama pepe wa zamani, hauvuki 255. Kwa hiyo zima mashine, hifadhi nakala ya usanidi, kisha andika `pc-q35-9.0`.

Kerneli ya mwenyeji, yaani seva halisi inayobeba mashine pepe, nayo ina neno lake. KVM, sehemu ya kerneli ya Linux inayoendesha mashine pepe, iliruhusiwa kufika 4,096 kuanzia Linux 6.7, tena kutegemea ilivyojengwa; kikomo utakiona hapa:

`grep KVM_MAX_NR_VCPUS /boot/config-$(uname -r)`

Ile 255 haikutoka hewani. APIC ya kale, kifaa cha kupeleka intarapti (ishara za vifaa) kwa prosesa, huitambua kila prosesa kwa namba ya biti 8, yaani namba 256, na moja kati ya hizo ni ya kuzitangazia zote kwa pamoja. Kuvuka hapo kunataka x2APIC, toleo jipya lake lenye biti 32, na ili intarapti za vifaa zifike kwenye namba hizo kubwa, njia ya uhakika ni kuweka IOMMU, kifaa kinachoelekeza upya intarapti hizo:

`-machine q35,kernel-irqchip=split -device intel-iommu,intremap=on,eim=on`

Kuna mtego wengi hawauoni. Namba za APIC hazifuatani moja kwa moja. Kila ngazi (soketi, kiini, uzi) hupewa biti kamili. Soketi 20 zenye kiini 12 kila moja ni prosesa 240 tu, lakini kiini 12 huchukua biti 4, nafasi ya 16, hivyo prosesa ya mwisho hupata namba 315. Umevuka 255 bila kujua! Panga soketi 15 za kiini 16: prosesa ni zilezile 240, na namba ya mwisho ni 239.

Je, unazihitaji kweli? Seva yenye prosesa mbili za AMD EPYC 9754 ina nyuzi 512, kwa hiyo wapo wanaozihitaji, hasa wenye hifadhidata kubwa za kwenye kumbukumbu. Wengine wote nawashauri wagawe mzigo kwenye mashine kadhaa za prosesa 64. Na usimpe mgeni prosesa nyingi kuliko nyuzi za mwenyeji: mojawapo ikisimamishwa huku imeshika kufuli, nyingine zinazolihitaji kufuli hilo zinaisubiri zikizunguka bure.

Mgeni akishawaka, andika `nproc`, amri ya kuhesabu prosesa, ndani yake. Hesabu ikiwa pungufu, angalia `CONFIG_NR_CPUS`, kikomo cha prosesa cha kerneli yake, kabla ya kurudi kuhangaika na QEMU.