Mzee wangu, usiache dawa kwa kungoja ini la printa

Juzi kliniki hapa Tanga kaingia mzee wa Makorora, simu mkononi, video tayari: printa inachora kitu chekundu. "Daktari, maini siku hizi yanachapishwa. Zile tenofovia, vidonge vyangu vya homa ya ini B, nimeziacha, nangoja langu." Ni wa nne mwaka huu, na kila mara roho inaniuma. Mwenye homa ya ini B akiacha dawa ghafla, kirusi huweza kuamka na kulichoma ini upya.

Wanadhani ini ni rundo la seli: zizalishe, zipange, umemaliza. Tatizo kubwa ni damu. Oksijeni ikitoka kwenye mshipa hupenya mikromita 100 hadi 200 tu, unene wa karatasi moja au mbili. Seli iliyo mbali zaidi ya hapo hufa, na seli za ini zina njaa kubwa ya oksijeni. Tazama mitaa ya Ngamiani hapa Tanga: nyumba zinakalika kwa sababu kila mtaa una barabara yake, kwa namba. Ukirundika nyumba elfu bila kichochoro, wa katikati watapata wapi maji?

Siku ukinunua maini buchani, yakate uangalie. Matundu unayoyaona ni barabara kuu tu. Vijia vinavyolisha seli havionekani kwa macho, na hivyo ndivyo vigumu kuvijenga. Ini la mtu mzima hupitisha kama lita 1.5 za damu kila dakika, robo tatu ikitoka tumboni kwa mshipa wa lango, iliyobaki kwa ateri.

Wenzetu hawajalala. Mwaka 2013 Takanori Takebe na wenzake kule Yokohama walikuza vichipukizi vya ini, yaani vijipande vichanga vya ini, vikaungana na mishipa ya panya ndani ya saa 48. Mwaka 2021 watafiti wa Wake Forest, Marekani, walishinda shindano la NASA kwa vipande vya ini vyenye unene wa sentimita 1 vilivyoishi siku 30 maabara. Wengine huosha ini la nguruwe kwa sabuni hadi seli zake zitoke, libaki gamba lenye mabomba yake. Lakini mabomba yasipotandikwa seli za mishipa kila mahali, damu inaganda humo humo. Mimi nashangilia hatua hizi zote. Ila sentimita moja maabara si kilo moja na nusu tumboni mwako. Kwa kawaida anayepandikizwa ini leo hulipata kwa binadamu mwenzake.

Kwamba ini huota lenyewe? Likiwa zima na limekatwa kipande, ndiyo. Likishajaa makovu, usilitegemee hilo.

Chupa za majani ya "kusafisha ini" ziacheni kabisa! Ini ndilo linalosafisha, na nimepokea watu macho manjano baada ya chupa hizo.

Kula sahani moja hakuambukizi B. Damu, kujamiiana, na mama kwa mtoto wakati wa kuzaa, huko ndiko inakopita.

Mzee nilimpima upya damu, akarudishiwa vidonge vyake. Jumatatu anamleta mkewe na wanawe watatu wapimwe. Asiye nayo anaanza chanjo siku hiyo hiyo, sindano tatu ndani ya miezi sita.