Ukiona mfupa uliogeuka jiwe, uache palepale

Mvua zikishakata makorongo ya Koru, Songhor na Muhoroni, magharibi mwa Kenya, ujumbe huanza kuingia kwetu Makavazi ya Kitaifa: "Tumepata dinosaria." Tunashukuru kuarifiwa, lakini si dinosaria. Hao walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe) vya ukanda huu vina miaka kama milioni 20 tu. Anayetaka dinosaria wa Kenya aende Lapurr, kaskazini mwa Turkana.

Hii haimaanishi kwamba kwetu hakukuwa na majitu. Meswa Bridge, karibu na Muhoroni, mwishoni mwa miaka ya 1970 palichimbuliwa taya la mla nyama ambaye makadirio ya waliomchunguza yanafika kilo 1,500. Simba ana jozi moja ya meno ya kukatia nyama kila upande wa kinywa; huyu alikuwa na tatu. Meno yenyewe hayajalika sana, kwa hiyo alikufa angali kijana. Mabaki hayo yalikaa kwenye droo Nairobi miaka mingi mpaka mtafiti Matthew Borths alipoifungua, na mwaka 2019 yeye na Nancy Stevens wakamtangaza: Simbakubwa kutokaafrika. Hana undugu na simba. Ni wa hyenodonti, kundi lililokwisha kabisa. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado watu wanaishia kwenye jina.

Kilichomwokoa ndani ya droo ile ni kumbukumbu ya mahali alipotoka, na ndiyo iliyowezesha kukadiria umri wake kuwa miaka milioni 22 hadi 23. Mfupa uliong'olewa kwa jembe, ukasuguliwa, ukabandikwa gundi, tukiuliza ulitoka wapi tunaambiwa "kule shambani". Shamba lipi? Tabaka gani la udongo? Hapo tunabaki na jiwe lisilo na habari, na inauma.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha aina hii aarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, akitaja mahali hasa na namna alivyokipata. Kwenda kwa chifu ili akuunganishe nasi ni sawa. Kumwonyesha jirani peke yake si kuarifu. Kuchimba bila leseni ni kosa, na kupeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa jingine; adhabu yaweza kuwa faini, kifungo, au vyote viwili. Hati ya shamba haikupi umiliki wa visukuku vilivyo ardhini: ni mali ya Serikali. Kwa hiyo tafadhali msituulize bei. Wala havina zebaki ndani, kama wengine wanavyoamini.

Piga picha ukiweka kalamu kando ya mfupa ili ukubwa uonekane, kisha piga nyingine kutoka mbali inayoonyesha korongo lote. Chomeka kijiti karibu, usiuguse. Kama mfupa uko ukingoni mwa korongo na mvua inakuja, tuarifu siku hiyohiyo.