"Usually" si asilimia 90

Ile picha imerudi tena. Safari hii imetumwa na mwanafunzi wa darasa langu la jioni, na chini yake ameandika: "Mwalimu, shikamoo. Hii niikariri?" Mnaijua. Ngazi ya rangirangi ya vielezi vya Kiingereza vinavyosema jambo hutokea mara ngapi, juu kabisa "always" asilimia 100, kisha "usually" 90, "often" 70, "sometimes" 50, "rarely" 10, chini kabisa "never" 0. Nimeshatumiwa na wazazi, na walimu wenzangu, na hata bwana mmoja wa rasilimali watu aliyetaka kuitungia maswali ya usaili. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Usiikariri. Mpangilio wake kutoka juu kwenda chini una ukweli kiasi, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni hizo namba. Fungua vitabu viwili vya sarufi: kimoja kitakuambia "usually" ni 90, kingine 80. "Sometimes" hapa ni 50, pale 30. Mita ya maji isingesomeka hivyo, mngeandamana.

Waliojaribu kupima kweli wapo. Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani, Milton Hakel, alichapisha makala kuhusu swali hilihili: watu waliulizwa kila neno la namna hii ni sawa na mara ngapi katika 100. Majibu yalitawanyika vibaya. Mwaka 1974 watafiti Pepper na Prytulak wakaongeza la kuvuruga zaidi: neno lilelile hupewa namba ndogo likihusu jambo adimu, na namba kubwa likihusu jambo la kawaida.

Na hili huhitaji maabara kuliona. Chukua sentensi "Oldoinyo Lengai often erupts." Ni Kiingereza safi na ni kweli. Mlima ule umekuwa na milipuko mikubwa karne iliyopita na hii, ukiwemo wa 1917, wa 1940, wa 1966 na wa 2007. Kwa volkano, hiyo ni mara nyingi. Sasa sema "My neighbour often greets me", halafu tugundue kwamba jirani amekusalimu mara 4 katika miaka 90. Neno ni lilelile, "often", na jirani huyo angeitiwa kikao cha ukoo. Kielezi hiki hakihesabu mara tu. Kinalinganisha na kile unachotarajia kutoka kwa volkano au kutoka kwa jirani, na hakuna ngazi yenye safu ya matarajio.

Halafu kuna swali ambalo wachora ngazi hawajiulizi: asilimia 90 ya nini? Ukisema "Ripe mangoes are usually sweet", huna maana kwamba embe lako ni tamu asubuhi, likageuka chachu jioni, kisha likarudi utamu wake kesho. Unahesabu maembe, huhesabu nyakati. Mwanafalsafa David Lewis alilieleza hili mwaka 1975: maneno haya mara nyingi huhesabu hali au vitu, wala si saa na siku. Vitabu vyetu bado vinafundisha kana kwamba kila sentensi inahusu ratiba ya mtu kupiga mswaki.

"Always" nayo. Mtu akisema "My mother always calls me on Sundays", kisha Jumapili moja mama akakosa salio, huyo si mwongo. Na "You're always on your phone!" si takwimu hata kidogo, ni lawama. Weka "always" pamoja na kitenzi cha "-ing", "He's always borrowing my charger", unapata malalamiko kamili, ingawa wanafunzi wameshatishwa kwamba vielezi hivi havikai na "-ing". Vinakaa. Ila "She's always laughing" inaweza kuwa sifa pia, na hapo sina kanuni ya kuwapa. Sikilizeni sauti ya msemaji.

Sasa twende kwenye mahali pa kukiweka kielezi, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kanuni ya kitabu: kabla ya kitenzi kikuu, baada ya "be". "I usually walk", "I am usually tired". Naifundisha kwa wanaoanza, na nitaendelea, huku nikijua ni nusu ya ukweli. Mtu akuulize "Are you tired?" Ukimtii mwandishi wa kitabu utajibu "I am usually", na Mwingereza atabaki anasubiri umalizie. Jibu ni "I usually am." Kielezi kimetangulia "be", mchana kweupe. Vivyo hivyo mtu anapokazia kwa hasira: "He always IS late!"

Lakini kubwa ni kukanusha. Tazama hizi mbili:

"I don't always take my tablets."
"I always don't take my tablets."

Ya kwanza ni mgonjwa anayeruka dozi moja moja. Ya pili inasikika vibaya Kiingereza, na mtu akiielewa atamwona mgonjwa asiyemeza kidonge hata kimoja. Nimefundisha wauguzi, kwao tofauti hii si mapambo. Kisha jaribu "usually": "I don't usually" na "I usually don't" karibu ni mapacha, tumia yoyote. Jaribu "sometimes": "I sometimes don't understand him" ni sawa, lakini "I don't sometimes understand him" inakwama kooni. Na "often" ndiyo inayoibomoa ngazi kabisa. "I don't often go to church" ni mtu ambaye kanisani ni Krismasi na Pasaka. "I often don't go to church" ni mtu ambaye Jumapili nyingi hayupo, lakini nyingine nyingi yupo, huenda hata anaimba kwaya. Neno moja, kikanushi kimoja, kilichobadilika ni nani ametangulia. Sasa niambie, hiyo 70 niiweke wapi?

Wanafunzi husema hii ni ngumu mno. Siyo ngumu. Kiswahili chenyewe kinatofautisha "siendi kila mara" na "kila mara siendi", na hakuna aliyekuchorea ngazi ulipokuwa mdogo.

"Never" tayari ina ukanushi ndani yake, kwa hiyo "I don't never" iachwe, hata kama masikio yetu yamezoea "sijawahi kamwe" na hayaoni kosa. Kwenye swali tumia "ever": "Do you ever cook?" Ukiuliza "Do you never cook?" umeshamhukumu mwenzio.

Halafu "huwa". "Huwa naamka saa 12" ni "I usually wake up at six". Wengi wanasema "I use to wake up at six", na wakisahihishwa nusu wanahamia "I used to". Hiyo "used to" ni ya jambo lililokoma. Ukimwambia mchungaji "I used to pray every day", umemwarifu kwamba umeacha.

"Seldom" na "rarely" ipi iko chini? Ngazi zinazipanga kwa ujasiri wa ajabu. Mimi sizipangi, kwa sababu siamini zina mpangilio. Tofauti ninayoisikia ni kwamba "seldom" imevaa suti. Iandike kwenye barua, na sokoni sema "not very often" kama watu wengine. "Frequently" vilevile ni "often" iliyoingia ofisini.

Na ile "t" ya "often": kamusi zinakubali kuitamka na kuimeza. Msinitumie tena swali hilo saa 5 usiku.