Ati kliya akinyamaza ameridhika? Tuongee kidogo juu ya imeili za baada ya kuuzisha

Juma hii nimeambiwa tena, safari hii na papa mmoja mwenye magazini ya vifaa vya sola hapa Lubumbashi: "Yaya, kliya wangu hajapigaka telefone hata siku moja tangu achukue bateri, iko muzuri, nimwandikie imeili ya nini?" Kazi yangu ndiyo hiyo, kupangia magazini na sosiete ndogo ndogo imeili zao za baada ya kuuzisha, na hiyo sentensi naisikia toka Kampemba mpaka Katuba, kwa wauza sola, wauza pampu za maji, wauza kompyuta, mpaka wauza buti za usalama za migodini. Wengine wanaisema kwa kujivuna kabisa. Leo naiandikia jibu lote hapa, atakayenirudia nayo nitamtumia asome mwenyewe, mdomo umechoka.

"Kliya akinyamaza, ameridhika"

Si kweli. Mtu aliyenyamaza amenyamaza tu, hakuna kingine unachokijua juu yake. Jiangalie mwenyewe ukinunua kitu kibovu unafanya nini, unarudi magazini kugombana? Mara moja moja. Mara nyingi unahesabu pesa ya taksi, unahesabu jua, unakumbuka karatasi ya garanti hujui uliiweka wapi, unasema basi tuache, halafu jioni unawaambia majirani wa parseli yote wasikanyage pale. Siku ya kilio watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, mmoja anauliza onduleri (ile mashine inayogeuza umeme wa bateri kuwa wa nyumbani) nzuri inauzwa wapi, na jina lako linatajwa, ila siyo vile ungependa. Wewe uko kaunta unasema hakuna aliyelalamika.

Wa mbali ndiyo hatari zaidi. Kliya wa Kolwezi, karibu kilomita 300 toka hapa, atapakia bateri nzito vile kwenye gari aje kukurudishia? Atanyamaza, na bajeti ikitoka tena atanunua kwingine. Halafu kuna na heshima, wengi wetu hatupendi kumwambia mtu usoni kwamba kitu chake hakifai, hasa kama mlisalimiana vizuri na alikupunguzia bei kidogo. Na kuna ambao hawajui hata kama pana kosa, kwenye sola hao ndio wamejaa. Bateri ya asidi ukiimaliza chini ya nusu kila usiku inachoka haraka, hilo mafundi wote wanalijua, lakini mteja anaona taa zinazima saa nne anafikiri ndivyo ilivyo, bateri yake uwezo wake ni huo, basi. Au fundi amefunga bateri ya lithiamu na onduleri ikabaki imepangwa kwa bateri ya asidi, ni dakika chache tu za kubonyeza menyu, lakini nani atamwambia kama wewe hujamwuliza?

Halafu hili, wanaouzia sosiete za migodi wanalisahau kila siku: aliyenunua siye anayetumia. Serivisi ya ununuzi inatoa komande, inapokea faktire, inalipa, imemaliza kazi yake. Pampu yenyewe iko saiti, kwa fundi ambaye hata jina lako halijui, na kila asubuhi anaitukana kwa sababu inavuja kwenye jointi. Bwana wa ununuzi akinyamaza maana yake faktire haikuwa na kosa, pampu yeye hajaiona. Kwa hiyo imeili yako ya kwanza kwa sosiete, weka namba ya komande kwenye kichwa cha imeili wakupate haraka, na ndani uliza kwa adabu: kule saiti ni nani anaitumia, tunaweza kumwandikia yeye moja kwa moja? Wengi wanakupa bila shida, maana unawapunguzia wao simu.

Sasa swali la kumwuliza mtumiaji, na hapa ndipo naonaka watu wanaharibu. "Je, umeridhika na huduma zetu?" Swali la bure. Anayejibu atajibu ndiyo, asante, Mungu awabariki, na wewe hujajua kitu. Uliza kitu ambacho jibu lake ni namba au saa. Mimi nawaandikiaka hivi:

"Jambo Mama. Juma mbili zilizopita tulikufungia onduleri na bateri mbili nyumbani. Umeme wa SNEL ukikatika usiku, taa na friji zinaendelea mpaka saa ngapi? Unijibu saa tu, inatosha. Ni mimi fundi niliyekuja kwako."

Mistari michache, hakuna logo, hakuna "katika juhudi za kuboresha huduma". Mama anajibu "saa tano". Fundi wako alipiga hesabu ya kufika asubuhi, kwa hiyo papo hapo anajua kuna jambo, pengine ameongeza friza nyingine, pengine paneli zimejaa vumbi jekundu la kiangazi, pengine ile menyu ya onduleri. Umelipata kosa bado dogo na bado liko kati yenu wawili. Na kama ni friza, hapo umeshapata mnunuzi wa bateri ya tatu bila kutangaza chochote, mapatroni wakisikia hiyo ndiyo wanaanza kunisikiliza, haya.

Na muda. Kuna programu zinatuma imeili kwa wote siku ya tatu, uwe umeuza printa ama pampu ama suruali, sizipendi hata kidogo zikiachwa vile. Risiti itoke siku hiyo hiyo, swali lingojee kitu kitumike kweli. Bateri iache ipitie delestaji (kukatiwa umeme) ndefu mbili tatu. Buti za usalama zingoje mguu uzizoee. Bateri za kuongeza maji, imeili fupi kila mwezi inayosema angalia maji leo, ongeza yale ya distile tu, ya robine hapana, hiyo inamtunzia mteja pesa yake kuliko promosheni zako zote. Mteja akijibu kwa hasira jibu siku hiyo hiyo hata kama suluhisho huna bado, mwambie fundi anakuja siku gani, halafu fundi aende kweli! Mteja asipojibu mwandikie mara moja tena, kisha mpigie telefone. Ukiendelea na imeili ya tatu, ya nne, ya tano, hapo kweli unasumbua mtu.

"Huku batu habasomake imeili, ni WhatsApp tu"

Nusu ni kweli. Mtu wa nyumbani WhatsApp inamfikia haraka na mimi mwenyewe nawaambiaka waitumie. Lakini migodi, hospitali, mashule, ONG, komande zao na faktire zao na malipo vyote vinapita kwenye imeili, na ile WhatsApp yako iko kwenye telefone ya mtu mmoja, akihamishwa Likasi ameondoka nayo.

Shida ya kweli ya huku ni anwani. Ili upakue kitu Play Store lazima akaunti ya Google, kwa hiyo mwenye Android karibu kila mtu ana Gmail, ila nyingi zilifunguliwa na kijana aliyemwuzia telefone, neno la siri hajui na ndani hajaingia tangu siku ile. Usimwulize "una imeili?" atakupa hiyo. Mwulize "imeili unayoisoma ni gani?" na umtumie risiti bado amesimama mbele yako, aione inaingia. Isipoingia, chukua namba ya WhatsApp muendelee huko, mambo yamekwisha.

"Niliituma, basi imefika"

Papa, imeondoka kwako, ndiyo unalolijua. Toka Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza. Kila anayetuma kwa watu wa Gmail lazima domeni yake (jina lile la baada ya @) iwe na SPF au DKIM, alama za kuthibitisha barua imetoka kweli kwa mwenye domeni, na anayefika imeili 5,000 kwa siku anatakiwa zote mbili, juu yake DMARC (agizo la nini kifanyike barua ikikosa alama hizo), na kwenye matangazo kibonye cha kujitoa mara moja, na lawama za spam (barua taka) zisifike asilimia 0.3. Mtaniambia nyinyi hamfiki 5,000. Hamfiki, lakini mnafanya hii nyingine: mnachukua anwani yenu ya bure ya gmail.com mnaiingiza kwenye programu ya kutuma kwa wengi, na Gmail ikiona barua inajiita gmail.com na haikutoka kwake inaitilia mashaka, inaangukia kwenye spam, nyinyi mnasema kliya hajali. Nunueni domeni yenu, bei yake kwa mwaka mnaimaliza kwa soda. Na wanaotuma kwa mkono toka Gmail ya bure wajue mwisho ni watu 500 kwa siku.

Tukiwa hapo hapo, tafadhali, Cc (wote wanaona anwani) na Cci (anwani zinafichwa). Nimepokea imeili ya "asante kwa kununua kwetu" yenye anwani za wateja wote juu, kila mmoja anamwona mwenzake, na mshindani yeyote aliyewahi kununua hata kebo moja pale ameondoka na orodha yote ya bure. Cci. Cci kila mara, au mmoja mmoja, ndiyo bora zaidi.

"Alishanunua, naweza kumtumia chochote"

Swali juu ya bateri aliyonunua ni huduma, promosheni ya televisheni ni tangazo, usivichanganye kwenye imeili moja maana atachukia vyote viwili. Kwa tangazo mwombe ruhusa, na akisema basi iwe basi, Gmail inataka wanaotuma kwa wingi wamtoe ndani ya siku mbili. Kongo sasa ina Code du numérique, sheria ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuna kulinda data za watu, kwa hiyo zile orodha za imeili zinazouzwa kwenye flashi acheni. Na ukiwa unauzia watu walio Ulaya kuna RGPD, sheria ya Ulaya ya kulinda data za watu, inafanya kazi toka 25 Mei 2018, na haiangalii magazini yako iko barabara gani.

"Programu inaonyesha wamefungua wengi"

Toka Septemba 2021, kwenye iOS 15 (mfumo wa iPhone), Mail ya Apple inaweza kupakua picha za imeili yenyewe hata kama mtu hajaigusa, na programu yako inaandika "imefunguliwa". Hesabu waliojibu. Ukiuliza swali la namba, majibu yanahesabika vizuri tu.

Mengine ni haraka haraka. Imeili ya kupendeza yenye mapicha makubwa: mteja wako analipa forfe ya megabaiti, na Gmail imeili ikipita kama kilobaiti 102 za code (maandishi ya kompyuta yanayoipanga, siyo picha) inaikata, na ile sehemu ya kujitoa inakuwaka chini kabisa, njo inapotea. Anwani ya noreply (isiyopokea majibu): unamwuliza mtu swali halafu unamfungia mlango, kwa nini sasa? Zawadi kwa anayeweka nyota tano Google: inakatazwa na Google wenyewe, na kuchagua wale tu waliofurahi ndiyo uwaombe maoni inakatazwa pia, waombe wote.

Na moja ya mwisho kwa wanaouzia sosiete, maana haya mawasiliano ya baada ya mauzo wezi nao wanayasoma wakishaingia kwenye boksi ya mtu. Wanangoja faktire inakaribia kulipwa, wanaandika kwa jina lako wakiitikia imeili yako ile ile, "tumebadilisha kompte ya benki". Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye imeili ya magazini leo, na kwenye ile imeili ya kwanza kabisa ya asante andika kwamba namba ya kompte yenu haibadiliki kwa imeili, wakipokea kitu kama hicho wapige kwanza namba iliyo kwenye faktire ya zamani.