Ukimwona mfungwa akikiri kwenye televisheni

Katikati ya mwaka 2009, Maziar Bahari, mwandishi wa jarida la Newsweek, alionekana kwenye televisheni za Iran akieleza jinsi vyombo vya habari vya Magharibi vilivyochochea maandamano ya baada ya uchaguzi. Hakuna aliyeonekana akimshikia silaha. Mtu asiyejua yaliyotangulia angeweza kuamini kila neno.

Yaliyotangulia yamo kwenye filamu ya Rosewater (2014), iliyoongozwa na Mmarekani Jon Stewart. Sisi tunaofundisha sheria na maadili ya habari tunaipendekeza, ingawa ina kasoro zake. Wairani kuongea Kiingereza karibu muda wote, hata mtu na mama yake, kunachosha sikio. Lakini inaonyesha vizuri namna mtu anavyofikishwa mbele ya kamera hiyo.

Bahari, Mwirani mwenye uraia wa Kanada, alikwenda Tehran kuripoti uchaguzi wa rais wa tarehe 12 Juni. Rais aliyekuwa madarakani, Mahmoud Ahmadinejad, akatangazwa mshindi, wafuasi wa mpinzani wake Mir Hossein Mousavi wakamiminika barabarani. Tarehe 21 Juni alikamatwa nyumbani kwa mama yake, akapelekwa gereza la Evin. Alikaa humo siku 118.

Alihojiwa akiwa amefungwa kitambaa machoni. Bahari alimtambua aliyemhoji kwa harufu ya marashi mawaridi, yale yale ambayo watu wa pwani huyanyunyiza kwa mrashi kwenye maulidi na harusi. Ndiyo asili ya jina la filamu: kwa Kiingereza marashi hayo huitwa rosewater.

Na ushahidi je? Alionyeshwa mahojiano aliyofanya na kipindi cha vichekesho cha Marekani, ambamo mchekeshaji alijifanya jasusi. Mzaha huo ukageuzwa hoja ya ujasusi. Kwenye filamu anaulizwa pia Anton Chekhov ni nani, kana kwamba mwandishi Mrusi aliyefariki mwaka 1904 ni mshirika wake.

Kipigo kipo, lakini kazi kubwa hufanywa na upweke. Mfungwa haambiwi kesi yake iko wapi, wala hana habari za mchumba wake mjamzito aliye London. Anarudiwa neno moja: huko nje wamekusahau. Akishaliamini hilo, kukubali kusoma walichomwandikia huonekana ndiyo njia pekee ya kutoka. Ndiyo maana tukio ninalolipenda kuliko yote ni dogo sana: mlinzi anamwita kwa kejeli "Bwana Hillary Clinton". Clinton, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikuwa ameitaja kesi yake hadharani, na kejeli ya mlinzi ndiyo inayompa mfungwa habari kwamba hajasahaulika. Kuanzia hapo mhoji hana tena silaha yake kuu.

Aliachiwa Oktoba kwa dhamana ya dola 300,000, siku chache kabla mtoto wake hajazaliwa. Mwaka uliofuata mahakama ya Tehran ilimhukumu, yeye akiwa hayupo, kifungo cha zaidi ya miaka 13 na viboko 74.

Kwa hiyo ukikutana na video ya namna hii, uliza kwanza: huyu ameshaonana na wakili? Ameshafikishwa mahakamani? Anaweza kukataa kuhojiwa, kisha akarudi kwake salama? Maneno yenyewe ni yake, au yanafanana na hotuba za wakubwa waliomfunga? Uliza pia ni nani anayeirusha, kwa sababu chombo cha habari nacho hubeba lawama. Bahari alipofika Uingereza alilalamika dhidi ya Press TV, kituo cha serikali ya Iran kilichokuwa na leseni nchini humo. Ofcom, mdhibiti wa utangazaji, ilikubali kwamba mahojiano yale yalifanyika akiwa gerezani chini ya shinikizo, ikakitoza kituo hicho faini ya pauni 100,000. Januari 2012 ikakifutia leseni, baada ya faini kutolipwa na kubainika kwamba uhariri ulikuwa ukiendeshwa kutoka Tehran.